Tupeane uzoefu: sheria ni moja kwa wote, lakini je, uzito wake ni mmoja kwa wote?

Mwana wa Hoja (mwanzisha mada)

Ndugu wachangiaji, nawasalimu kwa heshima. Nimefungua mada hii ili tukusanye mahali pamoja yale ambayo kila mmoja wetu ameyapitia yeye mwenyewe alipokutana na sheria, kanuni au sera ya umma, iwe ni faini, ada, kibali, fao, fomu iliyokataliwa au shauri la mahakamani. Siulizi kama sheria hutamka usawa, kwa kuwa hilo halina ubishi: Kifungu cha 7 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, kinasema vivyo hivyo. Ninachouliza ni kile kinachotokea baada ya maneno hayo kuandikwa, pale mtu wa kipato kidogo anapotakiwa kuitii sheria ileile, au kuitumia kujitetea, kwa muda, fedha na elimu aliyo nayo.

Naanza mimi. Niliwahi kufanya kazi kwa mwajiri ambaye, nilipoondoka, hakunilipa mshahara wa mwezi wa mwisho. Sheria ya kazi ilikuwa upande wangu kabisa, na kila niliyemweleza aliniambia kwamba nikifungua shauri nitashinda. Hata hivyo, nilipojumlisha ada ya kufungua shauri, gharama ya nakala zilizothibitishwa, nauli, na siku ambazo ningekosa kazini katika ajira mpya isiyolipa siku za kutokuwepo, jumla ilizidi mshahara niliokuwa naudai. Kwa hiyo sikufungua shauri. Mwajiri yule hakuvunja sheria kwa sababu hakuijua. Aliivunja kwa sababu alijua hesabu hiyo kabla yangu, na alikuwa na hakika kwamba nami nitaipiga nifike palepale.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Uingereza zilizonionyesha kwamba hesabu yangu haikuwa ya mtu mmoja. Mwezi Julai 2013 serikali ya huko ilianza kutoza ada kwa anayetaka kupeleka madai kwenye mabaraza ya kazi: hadi pauni 390 kwa madai mepesi kama ya mshahara usiolipwa, na hadi pauni 1,200 kwa madai mazito kama ya kufukuzwa kazi isivyo halali. Idadi ya madai ilishuka kwa takriban theluthi mbili. Haki za wafanyakazi hazikufutwa hata moja, na vitabu vya sheria vilibaki vilevile, ila watu waliacha kwenda kudai. Mwezi Julai 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba ada hizo zilikuwa kinyume cha sheria tangu siku ya kwanza kwa kuwa ziliwazuia watu kuifikia haki, na serikali ikalazimika kurudisha fedha zilizokusanywa. Majaji walieleza jambo ambalo naliona ni la msingi kwa mada hii, kwamba haki ya kufika mahakamani haimfaidi yule anayeshtaki peke yake, maana mwajiri huwalipa hata wale wasiomshtaki kwa sababu anajua kwamba wanaweza kumshtaki.

Naomba tufuate utaratibu mmoja. Kila mtu aeleze lililompata yeye au mtu wa nyumbani mwake, asitaje jina la ofisi wala la mtu, na ataje kanuni iliyohusika na gharama aliyoibeba. Karibuni.

Dereva wa Zamu ya Usiku

Ahsante, ndugu Mwana wa Hoja. Yangu ni ya faini, nayo nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mwenye kulalamikia faini anataka kutetea kosa. Mimi sitetei kosa. Niliegesha gari mahali pasiporuhusiwa nikimshusha abiria mgonjwa, nikaandikiwa faini, na sina tatizo na kuandikiwa.

Tatizo lilikuwa katika yale yaliyofuata. Kiwango kilikuwa kimoja kwa kila mtu. Kwa mwenye gari binafsi la kifahari kilikuwa ni kero ya asubuhi moja, lakini kwangu kilikuwa ni sehemu kubwa ya mapato ya juma zima. Sikuweza kulipa ndani ya muda uliotolewa, na kanuni ilisema kwamba asiyelipa kwa wakati huongezewa adhabu, kwa hiyo deni likakua. Kisha kanuni nyingine ikasema kwamba mwenye deni hawezi kuhuisha leseni. Bila leseni sikuruhusiwa kuendesha gari, na kuendesha gari ndiyo kazi pekee ambayo ingeniwezesha kulipa. Nikaishi katika hali hiyo kwa kipindi kirefu, nikifanya vibarua vya hapa na pale, huku yule mwenye uwezo aliyeegesha karibu nami siku ileile akiwa ameshasahau kama kulikuwa na faini. Wote wawili tulitenda kosa moja na tuliandikiwa kiasi kimoja, lakini adhabu niliyoitumikia mimi haikuwa aliyoitumikia yeye.

Nimejifunza kwamba zipo nchi zilizolitafakari jambo hili zamani. Ufini ilianzisha faini za siku mwaka 1921, ikafuatwa na Uswidi mwaka 1931 na Denmark mwaka 1939. Utaratibu wenyewe ni kwamba hakimu hupima uzito wa kosa kwa idadi ya siku, kisha kila siku hugeuzwa kuwa fedha kulingana na kipato cha mkosaji. Kosa moja huleta idadi ileile ya siku kwa tajiri na kwa maskini, lakini kiasi cha fedha hutofautiana. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Nokia aliandikiwa faini ya takriban euro 116,000 kwa mwendo kasi, ingawa baadaye ilipunguzwa alipokata rufaa. Makosa madogo sana bado yana kiwango kimoja huko, nami sioni ubaya wake, kwa kuwa kumchunguza kila mtu kipato chake kwa jambo dogo kungegharimu kuliko faini yenyewe. Ninachosema ni kwamba kiwango kimoja kwa wote ni uamuzi ambao watu waliufanya, na kama waliufanya wanaweza pia kuufikiria upya.

Mama wa Watatu

Nawashukuru nyote. Nililelewa kuamini kwamba msaada wa serikali ni hisani, na kwamba anayepewa hisani haulizi maswali, kwa hiyo nilichelewa sana kutambua kwamba nililotendewa lilikuwa na kasoro.

Nilikuwa nikipokea posho ya malezi kwa ajili ya mwanangu mwenye ulemavu. Siku moja malipo yalisimama, na baadaye nikapokea barua iliyosema kwamba fomu moja ya zamani haikuwa na saini ya shahidi, na kwa hiyo natakiwa kurejesha kila nilichopokea tangu tarehe ya fomu hiyo. Hakuna aliyedai kwamba mtoto hayupo, au kwamba hana ulemavu, au kwamba fedha zilitumika kwa jambo jingine. Nilikwenda na mtoto mwenyewe nikiwa nimembeba, na afisa aliyenipokea, ambaye alikuwa mtu mpole na aliyesikitika kweli, aliniambia kwamba mfumo haumruhusu kuingiza maelezo yangu, kwa kuwa una nafasi ya kuandika "imekamilika" au "haijakamilika", basi.

Uholanzi ilipita katika jambo la aina hii kwa kiwango cha taifa zima. Makumi ya maelfu ya wazazi waliokuwa wakipata ruzuku ya malezi ya watoto walitakiwa na mamlaka ya kodi kurejesha kiasi chote walichopewa kwa sababu ya upungufu mdogo wa nyaraka au kwa kushukiwa udanganyifu bila ushahidi, na wengi wao walikuwa watu wenye asili ya nchi nyingine. Hata mahakama ya juu ya masuala ya utawala iliunga mkono tafsiri hiyo kali hadi ilipobadili msimamo mwaka 2019. Tume ya bunge ilitoa ripoti yake Desemba 2020, na Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu. Nilipoyasoma hayo nililia, nakiri, kwa sababu familia nilizosoma habari zake zilikuwa zimevunjika, nyumba zimeuzwa, na watu walikuwa wameambiwa kwa miaka kwamba wao ni walaghai, wakati kosa lilikuwa katika kanuni iliyokataa kupima ukubwa wa upungufu dhidi ya ukubwa wa adhabu.

Malipo yangu yalirejeshwa baadaye, bila maelezo na bila neno la samahani. Deni nalo lilifutwa kimyakimya. Namshukuru Mungu, lakini mpaka leo sijui ni nani aliyeamua, wala kwa kanuni ipi.

Mhasibu wa Mtaa

Pole sana, dada yangu. Naongeza moja kwa ufupi kuhusu mifumo inayoamua bila mtu. Australia, kupitia mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt, ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ikakigawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbilimbili, kisha ikakilinganisha na fao alilopokea katika kila kipindi. Aliyefanya kazi miezi sita na kukosa kazi miezi sita alionekana kana kwamba alikuwa na kipato mwaka mzima, na akaandikiwa deni. Kazi ya kuthibitisha kwamba deni si la kweli akaachiwa yeye, kwa kutafuta hati za mishahara za miaka iliyopita. Mwaka 2019 serikali ilikubali mahakamani kwamba deni lililotokana na hesabu hiyo pekee halikuwa halali, na ripoti ya tume ya uchunguzi ilitoka Julai 2023.

Kwa jicho la mhasibu, kugawa kwa wastani si kosa la hesabu. Kosa ni kuutumia wastani kumhukumu mtu ambaye maisha yake hayana wastani, na watu wa aina hiyo, yaani vibarua, wa msimu na wa zamu, ndio hao hao wanaohitaji fao. Ambaye mshahara wake ni uleule kila mwezi asingeguswa na hesabu hiyo hata kidogo.

Karani Mstaafu

Wanangu, nimewasoma nyote kwa makini, na nawaonea huruma kwa yaliyowapata. Nimetumia maisha yangu ya kazi nyuma ya dirisha la ofisi ya umma, na ninaomba mniruhusu niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza.

Nilipoanza kazi, ada za huduma hazikubandikwa popote. Afisa alimtazama mtu usoni na kukisia anachoweza kulipa, na alimsikiliza aliyemwonea huruma na kumfukuza asiyempenda. Mnasema mnataka afisa awe na nafasi ya kuandika maelezo yenu. Mimi niliwaona maafisa waliokuwa na nafasi hiyo, na walioifaidi hawakuwa wajane wala vibarua. Walikuwa ndugu wa afisa, majirani zake, na wale waliokuja na bahasha. Siku tulipobandika ukutani orodha ya ada na kuanza kutoa namba za foleni, walalahoi ndio waliofurahi kwanza. Mama mmoja mzee aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake ameingia ofisini na kutoka bila kumbembeleza mtu. Kanuni ngumu isiyopinda ilikuwa ndiyo ngao yake.

Kwa hiyo sikubaliani kwamba kiwango kimoja ni dhuluma yenyewe. Kanuni ikilegezwa kwa ajili ya mnyonge, mwenye nguvu ndiye hupita kwanza kwenye upenyo huo. Anayetaka kanuni zenye huruma ni lazima aseme pia ni nani atakayesimamia huruma hiyo, na kwa maandishi gani, na nani atamkagua.

Mwana wa Hoja

Shikamoo mzee wetu. Hoja yako ni nzito na sitaki ipite hivihivi. Nadhani faini za siku alizozitaja ndugu Dereva zinajibu sehemu yake, kwa sababu pale afisa hakisii kipato kwa kumtazama mtu. Hukokotoa kwa fomula iliyoandikwa, na mkosaji anaweza kuikagua hesabu hiyo. Yaani kanuni inaweza kuwa ngumu na bado ikatambua kwamba watu hawana mifuko sawa. Kuhusu posho ya dada yetu, kinachokosekana naona ni kipimo tu, kwamba upungufu mdogo uwe na matokeo madogo, nacho kinaweza kuandikwa ndani ya kanuni kikamfunga afisa kama zinavyomfunga kanuni nyingine.

Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kwa hilo la kipimo kilichoandikwa nakubali. Endeleeni.

Dada wa Mahabusu

Nimesita kuandika, lakini maneno ya mzee kuhusu ngao yamenisukuma. Kaka yangu alikamatwa kwa kutuhumiwa wizi mahali alipokuwa akifanya kazi. Hakuwa na rekodi yoyote. Dhamana iliruhusiwa tangu siku ya kwanza, na hakimu alimsomea masharti yake kwa adabu: fedha taslimu, na mdhamini mwenye hati ya mali isiyohamishika. Katika ukoo wetu hakuna mwenye hati ya namna hiyo. Kwa maandishi kaka yangu alikuwa na haki ya dhamana. Kwa hali halisi alirudishwa rumande, huku mtuhumiwa mwingine wa siku ileile, ambaye tuhuma zake zilikuwa nzito kuliko zake, akitoka kabla ya jioni.

Naomba mfikirie kile ambacho siku za rumande hufanya. Alipoteza kazi nyingine aliyokuwa ameahidiwa. Mkewe alihama chumba kwa kushindwa kulipa kodi. Shauri liliahirishwa mara nyingi, mara upelelezi haujakamilika, mara shahidi hakufika, mara hakimu ana udhuru, na kila ahirisho kwa waliokuwa nje lilikuwa ni usumbufu, kwake likawa ni kipande kingine cha kifungo kwa kosa ambalo hakuna aliyekuwa amethibitisha. Ndipo baadhi ya wenzake wa ndani wakamshauri akiri kosa, kwa kuwa adhabu ya kosa lenyewe kwa mara ya kwanza huenda ingekuwa fupi kuliko muda ambao angekaa akisubiri kuthibitishwa kwamba hana hatia. Mtu asiye na hatia alikuwa anashawishiwa na utaratibu wenyewe ajitangaze mwizi ili arudi kwa watoto wake. Niliposikia hivyo, niliwaza kwamba mwenye fedha hawekwi kamwe kwenye njia panda hiyo, kwa sababu yeye husubiri kesi yake akiwa kwake, akishauriana na wakili wake.

Kilichomwokoa kaka yangu ni msaidizi wa kisheria aliyekuwa akitembelea gereza kwa kujitolea. Hakuwa wakili. Alimweleza kwa lugha nyepesi kwamba anaweza kuomba masharti ya dhamana yapitiwe upya, akamsaidia kuandika ombi, na ombi likasikilizwa. Masharti yalipunguzwa hadi wadhamini wawili wenye barua za utambulisho, nasi tukawapata siku hiyohiyo. Baadaye shauri liliondolewa kwa kukosa ushahidi. Haki ile ya kuomba mapitio ilikuwepo tangu mwanzo. Hakuwepo tu mtu wa kumwambia.

Wanaosoma sheria hutaja shauri la Clarence Gideon wa Marekani, aliyehukumiwa miaka mitano baada ya kunyimwa wakili kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlipa. Aliandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo ni lazima apewe wakili. Kesi iliporudiwa akiwa na wakili, aliachiwa huru. Ushahidi ulibishaniwa mara zote mbili mbele ya baraza la wananchi wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba mara ya pili alikuwepo mtu aliyejua kuwahoji mashahidi. Na kuhusu dhamana yenyewe, jimbo la Illinois lilifuta dhamana ya fedha mnamo Septemba 2023, likawa la kwanza nchini Marekani kufanya hivyo kikamilifu; hakimu wa huko huamua kumshikilia mtu au kumwachia kwa kupima hatari ya kutoroka au kudhuru wengine, si kwa kupima mfuko wake.

Mzee wangu Karani, shikamoo. Kanuni ya dhamana iliyomfunga kaka yangu ilikuwa wazi, imeandikwa, haina upendeleo wala bahasha. Ilikuwa kila ulichokisifu. Naomba unisaidie kufikiri ni wapi ilikosea.

Karani Mstaafu

Marahaba, binti yangu, na pole kwa yaliyowapata. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja kabla ya kujibu. Lengo la dhamana ni kuhakikisha mtu anarudi mahakamani. Kaka yako alikuwa na mke, watoto na ahadi ya kazi, na hizo ni sababu za mtu kurudi. Kanuni iliyomhusu ilitafuta mali, kwa sababu mali ni rahisi kuiona kwenye karatasi. Nadhani kosa ni hapo: kanuni ilipima kilicho rahisi kupimwa ikaacha kile kilichokusudiwa, na anayekosa kile kilicho rahisi kupimwa karibu kila mara ni maskini.

Mchuuzi

Mimi si mwandishi, nitasema machache. Nimewahi kukamatwa mara kadhaa kwa "uzururaji", yaani kwa kuonekana mahali bila sababu ambayo askari aliyeniuliza aliridhika nayo. Sikuwa nimeiba, kupigana wala kuziba njia. Nilikuwa natembea na bidhaa zangu alfajiri. Mwenye suti na gari akionekana alfajiri mahali palepale haulizwi anatoka wapi.

Sheria hizi zina asili ya Uingereza, ambako Sheria ya Uzururaji ilitungwa mwaka 1824, zikapelekwa kwenye makoloni na nchi nyingi zikabaki nazo. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilifuta kifungu cha namna hiyo katika shauri la mchuuzi aliyekamatwa akienda kuuza mifuko ya plastiki. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Haya nimeyajua kwa kuelezwa na mtoto wangu anayesoma. Aliyenikamata mara ya mwisho hakuwa ameyasikia.

Mkutubi

Neno la kaka Mchuuzi kuhusu kusikia na kutosikia linanigusa katika kazi yangu. Watu huja maktaba kuomba nisaidie kusoma barua walizoandikiwa na ofisi za umma, na mara nyingi barua ina rejea za vifungu vinne au vitano kabla ya sentensi inayomweleza mtu anachotakiwa kufanya na mwisho wa muda wake. Anayelipa wakili huipata sentensi hiyo siku ya kwanza. Ambaye hana wakili huipata muda ukiwa umekwisha, na ndipo huambiwa kwamba kutojua sheria si utetezi. Ninaona ni haki kuuliza kwamba, ikiwa kutojua si utetezi, basi anayeitunga sheria ana wajibu gani wa kuifanya ijulikane. Tanzania ilichukua hatua mwaka 2021 kwa kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, nami naitaja kwa heshima, kwa kuwa kabla ya hapo mtu angeweza kufungwa kwa sheria ambayo hakuwa na lugha ya kuisoma.

Mjukuu wa Bibi

Nataka kuongeza la heri, kwa sababu nalo ni uzoefu. Bibi yangu alizaliwa nyumbani, bila cheti cha kuzaliwa, na kwa miaka mingi alikosa kitambulisho, na kwa kukosa kitambulisho akakosa pensheni ya wazee na laini ya simu. Benki ya Dunia iliwahi kukadiria kwamba watu takriban milioni 850 duniani hawakuwa na kitambulisho rasmi, kwa hiyo hakuwa peke yake. Kisha kanuni ikarekebishwa: asiye na cheti akaruhusiwa kuleta hati ya kiapo pamoja na mashahidi wawili wanaomfahamu, na maafisa wakatakiwa kuwafuata wazee walikoishi badala ya kuwasubiri ofisini. Sharti la kuthibitisha halikuondolewa. Iliongezwa njia nyingine ya kulitimiza ambayo mtu wa umri wake angeiweza. Walikuja wakiwa na mashine ndogo ya alama za vidole. Vidole vyake vimesuguliwa na jembe hata mashine haikuvisoma, na kwa mara ya kwanza nilimwona afisa akifungua ukurasa wa kanuni na kusoma: ikishindikana, ipigwe picha na sababu iandikwe. Ikapigwa picha.

Dereva wa Zamu ya Usiku

Mjukuu wa Bibi, hicho ndicho kile kipimo kilichoandikwa alichokubali mzee Karani. Nina swali kwa Mwana wa Hoja na kwa yeyote anayejua. Dada yetu Mama wa Watatu alisema hajui mpaka leo ni nani aliyeamua kuhusu posho yake na kwa kanuni ipi. Je, anaweza kudai kuelezwa, au ndiyo imekwisha?

Mwana wa Hoja

Inategemea sheria za mahali alipo, lakini mahali pengi haijaisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 47, inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2000 inayompa aliyeathirika siku 90 tangu alipoujua uamuzi, au alipotarajiwa kuujua, aombe sababu za maandishi, na ofisi nayo ina siku 90 za kujibu. Kwa hiyo jambo la kwanza, mahali popote, ni kuuliza kama sheria ya aina hiyo ipo na muda wake ni upi, kabla ya kubishana kuhusu uamuzi wenyewe.

Dada, nakushauri uandike barua fupi ya mambo matatu: tarehe malipo yaliposimamishwa na tarehe yaliporejeshwa, ombi la kuelezwa kanuni iliyotumika katika kila tarehe, na ombi la kuelezwa cheo cha aliyeamua. Usiandike malalamiko ndani ya barua hiyo, ingawa unayo haki ya kulalamika, kwa sababu barua yenye malalamiko hupelekwa kitengo cha malalamiko na ile yenye ombi la sababu hupaswa kujibiwa na aliyeamua. Peleka nakala mbili, na usiondoke dirishani mpaka ile unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Mama wa Watatu

Ahsante, kaka. Nitaiandika, na Mkutubi, kama hutojali, ningeomba uipitie kabla sijaipeleka.

Mkutubi

Ilete, dada. Uje na ile barua ya kwanza ya kusimamisha malipo pia, kwa kuwa namba ya jalada iliyo juu yake ndiyo watakayoiulizia.